Filamu ya Mwalimu Mwenye Tourette: Tuitazame na Watoto, Ila Bila Dijei

Mzazi anayetaka kujua kama filamu inafaa kutazamwa pamoja na watoto huuliza mambo matatu: je, ina matusi, ina mambo ya chumbani, ina umwagaji damu? Kwa filamu ya Front of the Class majibu ni mepesi. Filamu hii iliongozwa na Peter Werner, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza na televisheni ya CBS ya Marekani tarehe 7 Desemba 2008. Inasimulia maisha ya kweli ya Brad Cohen, aliyeishi na sindromu ya Tourette tangu utotoni, akakataliwa na shule 24 alizoomba kazi ya ualimu, na akaajiriwa na ya 25. Damu haimo, lugha ni ya staha, na uchumba wa Brad umeonyeshwa kwa namna ambayo hata mzee aliyeketi na mkwewe anaweza kuendelea kunywa chai yake bila kutafuta kisingizio cha kutoka nje.

Kwa vipimo vya kawaida, basi, filamu inapita. Nchini kwetu kazi ya kupanga filamu kwa umri ni ya Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, nami sina ugomvi na utaratibu huo. Ninachosema ni kwamba kwa familia ya Ifakara, Mang'ula au Mlimba, jambo la kuhofia ni chumba ambamo filamu itatazamwa na mtu atakayeifafanua.

Tueleze kwanza hali yenyewe. Tourette ni hali ya ubongo, iliyopewa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885 aliandika habari za wagonjwa 9. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa miaka 4 hadi 6. Anapepesa macho kupita kiasi, anakunja uso, anatupa bega au kichwa. Baadaye huja sauti: kukohoa bila mafua, kuguna, kunusanusa, kutoa ukelele mfupi. Miondoko na sauti hizi za ghafla huitwa tiki. Ili daktari aseme ni Tourette, ni lazima mtoto awe amepata tiki kadhaa za misuli na walau moja ya sauti, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hali hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua. Makadirio ya kimataifa ni watoto 3 hadi 9 katika kila 1,000 wa umri wa shule, wavulana wakiwa wengi zaidi. Shule kubwa ya msingi ya mjini Ifakara inaweza kuwa nao kadhaa, na walimu wasijue wanachokiona.

Kinachowatatiza walimu na wazazi ni kwamba tiki inaweza kuzuiwa kwa muda. Mtoto huhisi msukumo ukipanda, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Anaweza kujibana dakika chache, hata kipindi kizima, lakini itatoka, na aghalabu hutoka kwa nguvu zaidi. Mwalimu aliyeona mtoto ametulia wakati wa mtihani, kisha akamsikia akiguna mfululizo mara baada ya kengele, huhitimisha kuwa anafanya makusudi. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha, kutoa viboko visivyozidi vinne kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Tiki haimo katika utovu wa nidhamu wa aina yoyote. Tena hofu na uchovu huizidisha, kwa hiyo fimbo ya asubuhi huzaa kelele za mchana.

Wengi waliowahi kusikia neno Tourette hulifikiria kama ugonjwa wa kutukana. Kutamka matusi bila hiari, hali iitwayo koprolalia, huwapata wachache tu: kadiri ya 10 hadi 20 katika kila wagonjwa 100. Brad wa filamu hii hatukani. Hutupa shingo na kutoa sauti zinazofanana na kubweka. Anayetaka kuona upande mwingine atazame I Swear, filamu ya Kirk Jones ya mwaka 2025 kuhusu John Davidson wa mji wa Galashiels, Scotland, ambaye matusi ni sehemu kubwa ya tiki zake. Uingereza imeiwekea kikomo cha miaka 15, na kwa hilo nakubaliana nao. Hiyo ningependa itazamwe na walimu wetu, tena bila watoto.

Sasa turudi kwenye chumba. Filamu nyingi za kigeni katika bonde letu zinafika kwenye flashi kutoka maduka ya kuingizia nyimbo na filamu, au hutazamwa katika mabanda ya video, na nyingi zimepitia kinywa cha dijei. Ufundi huu wa kusimulia filamu kwa Kiswahili, ambao Lufufu aliupa umaarufu Dar es Salaam, mimi nauheshimu. Umewafungulia mlango watu ambao Kiingereza kiliwafungia nje. Lakini dijei hulipwa kwa kicheko. Akipewa filamu ya mtu anayebweka mgahawani, hatangoja mandhari yafuatayo. Atambatiza mtu huyo jina, nalo jina hilo litakuwa uwanjani kwa mtoto wa jirani kabla ya wiki kwisha. Kazi yote ya filamu hii ni kumfanya mtazamaji aliyecheka dakika ya kumi aone haya dakika ya arobaini. Msimulizi anayechekesha hadi mwisho ameiondolea filamu uti wa mgongo. Ndiyo maana nasema bora mzazi, mjomba au kaka anayejua Kiingereza kiasi afasiri polepole, hata kwa kukosea maneno.

Kuna atakayesema naishughulikia hali isiyo kipaumbele katika bonde lenye malaria, kichocho na mafuriko. Namjibu kwa historia ya hapa hapa. Ng'ambo ya mto Kilombero, katika milima ya Mahenge, daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa waliofichwa, wenye makovu ya moto, kwa sababu mtu aliyeangukia jikoni hakuguswa: watu waliamini kifafa huambukiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 katika wilaya ya Ulanga ulionyesha zaidi ya watu 10 wenye kifafa katika kila 1,000. Idadi kubwa namna hiyo, na bado walikuwa hawaonekani, maana kilichosimuliwa juu yao kilikuwa hofu tu. Dawa ilisaidia, bila shaka. Lakini kabla ya mgonjwa kuifikia dawa, ilibidi aliye nyumbani naye abadili maelezo aliyokuwa nayo. Hali kadhalika degedege. Wazazi wa Kilombero na Ulanga walipohojiwa na watafiti, baadhi walilihusisha na pepo, na bado walimpeleka mtoto kituo cha afya. Watu wetu hubadilika wanapopata habari inayoshikika, wala si lazima kwanza waache kila walichoamini. Mtoto anayebweka ghafla darasani leo, wapo watakaosema amepandwa na kitu. Filamu inaweza kuwa habari hiyo inayoshikika.

Ndani yake yamo mandhari mawili ambayo ningeomba mzazi asimamishe picha na kuzungumza. Katika la kwanza, mwalimu anamsimamisha Brad mbele ya darasa aombe radhi kwa kelele zake na aahidi kutorudia. Mwulize mtoto: je, ahadi hiyo inawezekana? Katika la pili, mkuu wa shule anamwalika kwenye tamasha la muziki ukumbini, mahali ambapo sauti zake zinamuudhi kila mtu, kisha anamwita jukwaani na kumwuliza maswali machache tu: kwa nini anatoa sauti hizo, kama anazipenda, na shule imsaidie vipi. Brad anaomba atendewe kama wengine. Hakuna daktari katika mandhari hayo, wala dawa. Nimehudhuria mafunzo mengi ya afya shuleni, na sijaona lililofanya kazi hiyo kwa muda mfupi vile. Tena ni jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote anaweza kulifanya kesho mstarini, ilimradi mtoto na wazazi wameridhia.

Hata hivyo filamu ina kasoro, na moja inaniudhi. Brad anaishia kuwa mwalimu mwenye tuzo, na mtazamaji anaweza kudhani kwamba mwenye Tourette hustahili heshima akiwa hodari. Mtoto mwenye tiki ambaye ni wa ishirini na tisa darasani, asiye na ndoto yoyote kubwa zaidi ya kucheza mpira na kulinda ndege kwenye mpunga wa babu yake, naye anastahili kuachwa aketi kwa amani. Mzazi aseme hivyo waziwazi filamu ikiisha.

Wengine wanahofu kwamba watoto wataiga. Wataiga siku mbili, kama wanavyoiga kila kitu, kisha wataacha. Ni kweli kwamba katika miaka ya janga la Uviko, kliniki za Ulaya na Amerika Kaskazini ziliona vijana, hasa wasichana, waliopata ghafla miondoko inayofanana na tiki baada ya kutazama sana video fupi mitandaoni. Wale walikuwa vijana wenye msongo, wakitazama peke yao, saa nyingi, siku nyingi. Jioni moja sebuleni na wazazi haifanani na hayo.

Jambo linalonihofisha zaidi ni mzazi kutoa hukumu ya ugonjwa kutokana na filamu. Katika nchi kama yetu, mtoto anayeanza ghafla kurusharusha mikono, kuangusha vitu na kushindwa kuandika anaweza kuwa na korea ya Sydenham, inayofuata maambukizi ya koo na inayoweza kuambatana na madhara ya moyo. Huyo anahitaji kuonwa upesi na kupewa penisilini. Anayekodoa macho na kutoitika kwa sekunde chache huenda ana kifafa. Mama wa Brad ndiye aliyelipata jina la ugonjwa kwa kusoma vitabu vya maktaba, wataalamu wakiwa wameshindwa kulitaja. Sehemu hiyo sisi madaktari tuitazame mara mbili. Lakini hata yeye alilipeleka jina hilo kwa daktari.

Basi ukiona kitu kwa mwanao, nenda kituo cha afya, na ukipewa rufaa njoo hospitali. Wengi wa watoto hawa hutulia kabisa wakiwa mbele ya daktari, na mzazi huondoka akionekana mzushi. Kabla ya kuja, chukua simu umrekodi akiwa amepumzika nyumbani, bila kumkaripia na bila kumwambia aonyeshe. Nusu dakika inatosha. Video hiyo usiitume kwenye kundi la familia.