Homa ya papasi hujifanya malaria

Iwapo ulishikwa na homa, ukameza dawa za malaria, ukapata nafuu, kisha baada ya wiki moja homa ikakurudia kwa kishindo, hebu jiulize ulilala wapi siku za karibuni. Je, ulikuwa mgeni katika nyumba ya udongo, hasa upande wa Dodoma, Tanzania? Huenda uliumwa na papasi.

Papasi ni kupe, lakini si yule wa ng'ombe anayeng'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Huyu hushinda katika nyufa za sakafu na kuta, akatoka usiku, akanyonya damu upesi na kurudi mafichoni kabla hujaamka. Ndiyo maana wagonjwa wengi huapa kwamba hawajaumwa na kupe. Anaweza kukaa miaka bila kula, na jike huambukiza hata mayai yake. Mnamo 1905 Daktari Joseph Everett Dutton, Mwingereza aliyeuchunguza ugonjwa huu huko Kongo, alifariki kwa ugonjwa huo huo. Bakteria wake wana jina lake hadi leo.

Homa huwa kali, pamoja na baridi, kuumwa na kichwa na viungo, na kutapika. Hudumu siku tatu hivi, ikapoa, ikarudi. Kwa mama mjamzito si jambo la mzaha: mimba huweza kuharibika, na watoto wachanga hufa.

Sasa sikiliza. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha bakteria hawa. Mweleze daktari ulikolala, na uombe damu yako itazamwe kwa hadubini. Itolewe wakati homa imepanda, maana ikishapoa bakteria huwa wachache mno kuonekana.

Tiba ipo, nayo si ghali: doksisaiklini kwa watu wazima, erithromaisini kwa wajawazito na watoto wadogo. Lakini usijinunulie dukani! Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wakifa kwa wingi, mgonjwa huweza kutetemeka, joto likapanda na shinikizo la damu likashuka ghafla. Heri hayo yakupate muuguzi akiwa karibu.

Mwenye uwezo na atie sakafu saruji na kuta apige lipu, papasi akose ufa. Nawe mwanafunzi unayekwenda kuzuru, usilale chini. Tumia kitanda na chandarua chenye dawa, ukichomeke chini ya godoro pande zote, na kitanda kisiguse ukuta.