Mashabiki Ndio Wenye Tamasha

Julai 2023 waigizaji wa Hollywood waligoma, ikiwa imebaki chini ya wiki moja Comic-Con, tamasha la katuni la San Diego, ifungue milango. Chama chao kiliwakataza wanachama kutangaza filamu na tamthilia za kampuni walizokuwa wakivutana nazo. Marvel, Netflix, Sony na HBO zilikuwa zimeshasema hazitapeleka maonyesho yao makubwa mwaka huo. Ukumbi H wa tamasha hilo, wenye viti zaidi ya 6,000, ndio ule ambao miaka mingine watu hulala nje yake usiku kucha ili wapate nafasi. Safari hii mtu aliweza kuingia bila kusukumana.

Wapo waliotabiri kwamba tamasha lingedorora. Halikudorora. Mashabiki walikuja kwa wingi wao, wakajaa katika mabanda ya vitabu vya katuni, wakasimama kwenye meza za wachoraji, wakapigana picha wakiwa katika mavazi ya wahusika. Kilichokosekana ni nyota wa filamu tu, na mwaka huo ilidhihirika kwamba nyota wale ni wageni waalikwa. Wenye shughuli ni wengine, na ni haki yao kutendewa kama wenye shughuli.

Historia yenyewe inawatetea mashabiki. Comic-Con haikuzaliwa katika ofisi ya kampuni ya filamu. Machi 1970 kundi dogo la wapenzi wa katuni, likiongozwa na Shel Dorf, aliyehamia kutoka Detroit, lilifanya mkutano wa siku moja katika ghorofa ya chini ya hoteli ya U.S. Grant ili kuchangisha fedha. Walifika watu kama 100. Wengi wa waandaaji walikuwa vijana wa shule, na mmojawao, Richard Alf, aliingiza fedha alizozipata kwa kuuza vitabu vya katuni. Agosti mwaka huo huo likafanyika tamasha la siku tatu, likakusanya watu wapatao 300. Jack Kirby, mchoraji aliyeshirikiana na Stan Lee kumuumba Black Panther mwaka 1966, alikuwapo. Mwandishi Ray Bradbury alikuwapo pia. Leo wanaohudhuria hupita 130,000, na tamasha bado liko mikononi mwa shirika lisiloendeshwa kwa faida.

Hata Hollywood ilikwenda San Diego kama mwombaji. Mwaka 1976, takriban mwaka mzima kabla ya Star Wars kutoka, mtangazaji wa Lucasfilm aitwaye Charles Lippincott aliwapelekea mashabiki picha za filamu ambayo hakuna aliyeijua. Bango lililochorwa na Howard Chaykin liliuzwa hapo kwa dola moja. Lippincott alitambua jambo ambalo wakubwa wengi wa sinema hawakuwa wamelitambua bado: wasomaji wa katuni na riwaya za sayansi wakikipenda kitu, watakisemea bure, tena kwa bidii kuliko tangazo lolote la kulipiwa. Kampuni zimevuna kutokana na mapenzi hayo kwa karibu nusu karne. Kilichobaki ni kuuliza zimerudisha nini.

Wanachotoa mashabiki kinaonekana kwa macho. Mashindano ya mavazi ya wahusika yamekuwapo San Diego tangu mwaka 1974, na anayedhani mavazi hayo ni vinyago vya kununua dukani hajayatazama kwa karibu. Kuna anayekaa na cherehani miezi kadhaa akitafuta mkunjo wa joho ulio sawasawa na ule uliochorwa kwenye ukurasa. Kuna anayekata sponji ngumu, akaipasha moto hadi ilainike, akaikunja iwe bamba la kifuani, kisha akaipaka rangi tabaka juu ya tabaka hadi ing'ae kama chuma. Wengine hufunga taa ndogo na betri ndani ya kofia. Hiyo ni kazi ya fundi cherehani, seremala na fundi umeme kwa pamoja, na malipo yake mara nyingi ni mtoto mdogo kusimama akitumbua macho kwa sababu amemwona shujaa wake akiwa hai.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Mwaka 1977 mwandishi Robert A. Heinlein alipoalikwa San Diego, ziara yake iliambatana na kampeni ya uchangiaji damu. Kampeni hiyo inaendelea mpaka leo, ikiwa na jina lake. Mashabiki wanaojipanga foleni kwa ajili ya saini hujipanga pia kutoa damu kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua.

Bado watu wazima wanaovaa kofia ya Batman huchekwa. Huku kwetu mtu hupanda basi la usiku kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, akajipaka kijani na njano usoni, akapuliza vuvuzela uwanjani Kwa Mkapa tangu saa nne asubuhi, na Jumatatu anarudi kazini bila yeyote kumhoji kama ana akili timamu. Ushabiki wake unaeleweka kwa sababu tumeuzoea. Anayempenda mhusika aliyechorwa naye amekuta watu wanaozungumza lugha yake, amekesha nao na ameumia nao. Kumdharau mmoja na kumstahi mwingine ni mazoea tu, si hoja.

Lupita Nyong'o analielewa hilo. Mwaka 2017, alipokuwa San Diego na wenzake wa filamu ya Black Panther, alivaa vazi zima la Power Ranger wa waridi, uso umefunikwa, akaingia katikati ya umati na kucheza dansi bila kutambuliwa. Mwanamke mwenye tuzo ya Oscar, ambaye angeweza kupitishwa mlango wa nyuma na walinzi, alitaka kwa saa chache kuwa mmoja wa wale waliokuja kwa mapenzi.

Mapenzi hayo yana upande mchungu, na anayewatetea mashabiki hana budi kuutazama. Kelly Marie Tran, aliyecheza kama Rose katika filamu ya Star Wars ya 2017, alishambuliwa mtandaoni kwa matusi ya kibaguzi na ya kijinsia hadi akafuta kila alichokuwa amekiweka kwenye Instagram. Waliomtukana walijiita mashabiki wa kweli. Walijiona walinzi wa kitu kitakatifu, na mlinzi wa namna hiyo humwona kila mgeni kuwa adui. Lakini Julai 2018, mashabiki wengine walikusanyika San Diego wakiwa wamevaa kama Rose, kumwonyesha mwigizaji huyo kwamba ana watu wake. Waliosahihisha kosa la mashabiki walikuwa mashabiki wenyewe. Kampuni iliyomwajiri ingepaswa kutangulia kusimama naye, na kwa sauti kubwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kuhusu unyanyasaji wa wanawake waliovaa mavazi ya wahusika. Kwa miaka mingi walishikwashikwa na kupigwa picha bila ridhaa, wakaambiwa hayo ndiyo malipo ya kuvaa hivyo. Ni wao, kwa kampeni na sahihi walizokusanya, waliolifanya jambo hilo lisizimike. Mwaka 2014 tamasha la Comic-Con la New York liliweka mabango makubwa yakieleza kwamba vazi la mhusika si ruhusa ya kumgusa mtu. Sheria hiyo ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Na foleni je? Beji za San Diego huuzwa mtandaoni, kompyuta huwapanga wanunuzi kwa bahati nasibu, na aliyehudhuria miaka 20 mfululizo anaweza kukosa huku asiyejali akipata. Hoteli za jirani hupandisha bei kila Julai hadi waandaaji wenyewe wamelalamika. Mwaka 2012 mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri onyesho la Twilight aligongwa na gari karibu na ukumbi, akafa, siku mbili kabla ya tamasha kuanza rasmi. Mtu anapolala barabarani kwa ajili ya kitu unachokiuza, wajibu wa kumlinda ni wako.

Japani kuna mfano bora. Comiket, tamasha la katuni, ilianza Tokyo Desemba 1975 kwa vikundi 32 na watu wapatao 700. Sasa hufanyika mara mbili kwa mwaka, na kabla ya janga la korona ilikuwa ikipokea zaidi ya watu nusu milioni kwa awamu moja. Wengi wa wanaouza pale ni watu wa kawaida waliochora na kuchapisha vitabu vyao kwa fedha zao, na kundi la wanawake la CLAMP, maarufu duniani kote, lilianzia katika uchapishaji wa aina hiyo. Waandaaji wana kanuni moja wanayoishikilia: hapo hakuna wateja. Mwenye meza, anayenunua na mtu wa kujitolea anayepanga foleni, wote huitwa washiriki. Anayeitwa mshiriki huokota takataka zake na huheshimu foleni, maana shughuli ni yake.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulitazama hili kwa makini. Wasomaji wetu walicheka na wahusika wa katuni kama Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo miongo mingi kabla ya neno Comic-Con kufika huku. Nchini Kenya, katuni ya Shujaaz imewafikia vijana kwa Sheng tangu mwaka 2010, na Nairobi ina tamasha lake, NAICCON, ambako vijana hushonea wahusika mavazi kwa ustadi uleule wa San Diego. Wadhamini wameanza kunusa biashara. Waandaaji wa Nairobi, na watakaofuata Dar es Salaam na Kampala, wana nafasi ya kupanga mambo vizuri mapema: meza za wachoraji chipukizi ziwe za bei nafuu na ziwekwe katikati ya ukumbi badala ya pembeni karibu na vyoo, kanuni dhidi ya unyanyasaji ziandikwe kwa Kiswahili na kusimamiwa, na katika kila kamati ya maandalizi wawepo watu waliowahi kushona vazi au kuchapa kitabu kwa fedha zao. Mabanda ya kampuni za simu na za soda yatafutiwe nafasi baada ya hayo.