Pete za Fimbo ya Kuvulia: Pesa Ziende Kwenye Vipimo, Zisiende Kwenye Titani

Leo naweka seva na hifadhidata kando. Waliokuja kutafuta habari za programu wanisamehe, ingawa wakivumilia wataona hatujaenda mbali sana.

Kuna kijana hapa Kariokor ambaye mama yake amefanya kazi miaka mingi ya kufunga nzi wa bandia, zile ndoano ndogo zinazozungushiwa uzi na manyoya ili samaki adhani ni mdudu. Kazi hii hapa Nairobi si ngeni. Kenya ni kati ya nchi zinazofunga nzi wengi wa kuuzwa nje, na mvuvi wa Marekani au Uingereza anaweza kuwa na kisanduku kizima kilichofungwa na mikono ya huku bila yeye kujua. Kijana ameirithi mikono ile. Sasa anataka kutengeneza fimbo zenyewe: kuagiza ufito mtupu, kuufunga pete, kuweka mpini, kuuza. Ana akiba yake, si kubwa, na amekwisha chagua pete za nikeli na titani kwa sababu kila ukurasa alioufungua mtandaoni unazisifu. Bei ya seti moja ya pete hizo inatosha kununua seti kadhaa za pete za waya wa kawaida. Nimemwambia asizinunue. Tumebishana wiki mbili sasa, na kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza, naeleza hapa kwa urefu.

Kwanza tujue tunazungumzia mto gani. Si Watamu wala Malindi, ambako watu huvua mbasi kwa boti na fimbo zenye pete za magurudumu. Nasema vijito vya Aberdare na Mlima Kenya: Gura, Chania, Mathioya, Ragati, Thiba. Huko kuna trauti, samaki ambaye si mwenyeji. Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, ndiye aliyeleta mayai yake kutoka Scotland na kuyapanda Gura mwaka 1905. (Ukichukua leseni yako leo kukaa kwenye mto huo huo na fimbo iliyofungwa Kariokor, mtaa uliopewa jina la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, mimi naona kuna jambo la kufurahisha hapo. Lakini tuendelee.)

Vijito hivi ni vyembamba na vichaka vimeinama juu ya maji. Fimbo ya futi 9 wanayoipenda wenzetu wa mito mipana itakwama kwenye matawi kabla hujarusha mara ya tatu. Futi 7 na nusu inatosha, tena ikigawanywa vipande viwili kila kipande ni kama sentimita 115, unaingia nayo kwenye matatu bila kumchoma jicho abiria mwenzako.

Katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi wenyewe (sisemi ule wa kiunoni). Mshipi ni mnene, una uzito, na nzi hana uzito wowote. Kwa hiyo fimbo inafanya kazi kama chemchemi: unaipinda, inajirudisha, mshipi unaruka. Pete zina kazi mbili tu, kuupitisha mshipi huo na kuufanya ufuate mpindo wa fimbo. Na kila pete ni mzigo kwenye chemchemi.

Sasa hesabu kidogo, msikimbie. Uzito uliowekwa kwenye ncha unaichelewesha fimbo kujirudisha kuliko uzito ule ule uliowekwa katikati. Ukichukua ufito wenye unene sawa kote, ukaushika upande mmoja na kuuvuta ncha, katikati yake husogea kama asilimia 31 ya mwendo wa ncha. Athari ya uzito inafuata mraba wa mwendo huo, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Gramu moja katikati ya fimbo ina madhara ya sehemu moja ya kumi ya gramu pale nchani. Na ufito halisi wa kuvulia unakonda kuelekea nchani, kwa hiyo tofauti ni kubwa zaidi. Hii maana yake kupunguza uzito wa pete zilizo nusu ya chini ya fimbo ni kazi bure. Mtu anayenunua seti nzima ya titani ili "kupunguza uzito" amelipia na pete za chini ambazo fimbo haitazisikia kabisa. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: unaharakisha sehemu ya programu inayotumia asilimia moja ya muda, halafu unajisifu.

Kwa hizo za juu, pete ya waya mwembamba wenye miguu miwili, ile iliyopindwa kama nyoka, ni nyepesi tayari. Ukitaka kupunguza zaidi pale juu, chukua pete ya mguu mmoja: uzi na gundi vinapungua karibu nusu, na mara nyingi gundi ya epoksi ndiyo nzito kuliko pete. Kijana wetu ana mkono mwembamba sana wa kuzungusha uzi kwa sababu amefundishwa na mama yake. Hapo ndipo faida yake ilipo, wala haiuzwi kwenye katalogi.

Jambo la pili ni idadi. Wapo wanaosema pete zikiwa chache msuguano unapungua. Hili nalikataa. Kamba inayopita kwenye vizuizi inapoteza nguvu kulingana na jumla ya pembe inazopinda, kwa hesabu inayojulikana tangu enzi za Euler katika karne ya 18. Fimbo ikipinda digrii 90, mshipi lazima upinde karibu digrii 90, iwe ni kwenye pete tano au kumi. Ukiweka chache, kila moja inabeba pembe kali zaidi, mshipi unakatiza mbali na ufito, na sehemu moja ya ufito inabebeshwa kazi ya wenzake. Samaki mkubwa akivuta, hapo ndipo panapovunjika. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema futi za fimbo ongeza moja, bila kuhesabu ya ncha. Kwa futi 7 na nusu ni pete nane. Sioni sababu ya kuibadilisha.

Zikae wapi? Hapa ndipo naanza kupandisha sauti. Mtandaoni kuna majedwali ya umbali wa pete, na watu wanayanakili kama tunavyonakili msimbo wa watu bila kuusoma. Jedwali lilitengenezwa kwa ufito fulani, wenye mpindo fulani. Ufito wako si ule. Jedwali ni la kuanzia tu, kisha unafanya jaribio la mzigo, kama seva yoyote ile.

Liko hivi. Kata vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli (Gikomba utapata bure ukiongea vizuri) na uzifunge pete kwa vipande hivyo badala ya uzi. Bana mpini kwenye meza, pete zikitazama chini. Pitisha mshipi, ufunge mwisho wake kwenye chupa ya nusu lita, na uongeze maji kidogo kidogo mpaka ncha ianze kutazama sakafu. Sasa kaa pembeni uangalie. Mshipi unapaswa kuufuata ufito kama kivuli. Palipo na pengo kubwa kati ya mshipi na ufito, sogeza pete hapo. Fanya tena. Mimi kwa fimbo yangu ya vipande viwili nilifika hapa, kwa sentimita kutoka nchani: 11, 23.5, 37.5, 53.5, 72, 94, 121, 150. Angalia ile ya 121. Jedwali lilitaka 115, ambayo ni juu ya kiungo kabisa, mahali ambapo pete haifai kukaa. Na tafadhali msinakili namba zangu. Jioni moja na chupa ya maji ni gharama ndogo.

Je, hakuna pete ya kutumia pesa? Zipo mbili. Ile ya kwanza juu ya mpini, ya milimita 10, kwa sababu mkono wako unavuta mshipi kwa pembe kali kila dakika, na ile ya ncha, ambako mshipi hupinda zaidi. Mito yetu hubeba udongo, hasa mvua za Machi hadi Mei zinaposhusha mashamba ya chai mtoni, na udongo ule unashikamana na mshipi kama msasa. Chuma cha pua kitupu ni laini kuliko kwatzi, ambayo ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kitachimbika mfereji, na mfereji utaula mshipi, na mshipi ndio kitu ghali kuliko pete zote. Kwa hiyo ya kwanza iwe na kauri ndani. Oksidi ya alumini ina ugumu wa 9 na inatosha, hakuna haja ya kupanda hadi kabidi ya silikoni. Ya ncha na za waya ziwe zimepakwa kromu ngumu. Kila baada ya msimu pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete imekwisha.

Nitoe haki kwa titani: ukiikanyaga hurudi ilivyokuwa, na haipati kutu. Kwa fimbo ya baharini ningefikiria. Kwa Mathioya, waya uliopinda unaunyoosha kwa koleo ukiwa umekaa juu ya jiwe. Tena sifa nyingine mnazosoma ni za nchi za baridi, ambako watu huchagua pete kubwa ili zisizibwe na barafu. Barafu Mathioya? Jamani.

Hesabu yangu kwa kijana ni hii: kwa pesa alizotenga kwa fimbo mbili za titani anaweza kufunga tano au sita za waya, azipeleke mtoni, zirudi na malalamiko, arekebishe. Fimbo mbili ghali zikikosa mnunuzi, akiba imeisha na hajajifunza kitu. Yeye anasema mzungu akiona waya atadhani ni fimbo ya bei rahisi. Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuidharau, kwa sababu mimi ni mvuvi na yeye ndiye muuzaji. Jibu langu ni kwamba fimbo nyingi nzuri za mito midogo, hata za mianzi zinazouzwa kwa bei ya pikipiki, hufungwa pete hizo hizo za nyoka, na anayejua kuvua anazitambua.

Jumamosi ameahidi kuleta ufito wake wa kwanza. Tyubu nimeshakata, chupa ninayo. Pete za nyoka nimemwazima seti moja, za titani bado ziko dukani.