Meza ya Duara, Mlango Mwembamba

Msikilize mtu wa Nakuru akikusifia mkahawa wa Kichina wa bei kali. Haanzi na chakula. Anaanza na maegesho, anakuja kwa taa, anapitia samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo, halafu anafika kwenye sifa yenyewe: "Na hakuna watu." Anasema hivyo kana kwamba watu ni inzi. Bata amemla, supu amekunywa, lakini alichokumbuka kuwahadithia marafiki ni kwamba huko ndani hakuwaona watu wa Nakuru. Yeye ni wa wapi basi?

Nasema hicho ndicho tunachouziwa: mlango. Chakula kinaletwa kando yake kama kachumbari.

Niliseme hili mapema, maana najua kuna wanaosoma kichwa tu kisha wanakimbilia kutukana: ugomvi wangu si na Wachina. Mpishi anayejua kudhibiti moto wa karai mpaka sukuma inatoka kijani na bado inalia kwenye meno anastahili pesa yake, awe ametoka Sichuan au Subukia. Hata bei sina shida nayo. Bei ni mlango wa haki kiasi fulani, maana unaiona imeandikwa, unahesabu ganji yako, unaingia au unaenda kibandaski kula matumbo na chapati kwa raha zako. Ninacholia nacho ni ile bei ya pili ambayo haijaandikwa popote, inayolipwa kwa aibu, na inayokusanywa na Mkenya mwenzako aliyesimama mlangoni.

Mnakumbuka Kilimani? Machi 2015, gazeti la Daily Nation liliripoti habari za mkahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi uliokuwa haupokei Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni. Kulikuwa na msamaha kidogo, kwa mfano dereva wa teksi aliyeleta wateja wa Kichina. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Yaani saa kumi na nusu wewe ni mteja, saa kumi na moja na dakika moja umegeuka jambazi. Mtandaoni palichafuka. Kaunti ya Nairobi ikaufunga mkahawa, mwenyewe akakamatwa, sote tukajisikia tumeshinda.

Lakini angalia walifungiwa kwa lipi. Leseni. Karatasi za biashara hazikuwa sawa. Katiba ya 2010 ilikuwa na karibu miaka mitano wakati huo, na Ibara ya 27 iko wazi: hata mtu binafsi, si serikali tu, haruhusiwi kumbagua mwenzake kwa rangi, kwa asili yake ya kijamii, kwa lugha, hata kwa mavazi. Mavazi! Waliotunga walijua kabisa askari wa mlangoni huanza kukupima kwenye viatu. Ila ilipofika siku ya kuitumia ibara hiyo, mamlaka yakaona rahisi kuuliza cheti kiko wapi. Somo ambalo wenye mikahawa walilipata ni kwamba ukiwa na karatasi zote, mlango ni wako, ufanye utakavyo.

Na hasira yetu ilikuwa nyepesi kwa sababu ya pili. Aliyefunga mlango alikuwa mgeni. Kumchukia mgeni hakugharimu kitu. Sasa njoo Nakuru, ambako mara nyingi meneja ni wetu, soja ni wetu, weita ni wetu, na mwenye ploti ni yule mheshimiwa tuliyempigia makofi. Hapa hakuna kibao cha saa kumi na moja. Hakihitajiki.

Mwaka jana nilimpeleka mathe kwenye mkahawa mmoja wa aina hiyo. Sitautaja, na hata nikiutaja utasema unajua mwingine ulio mbaya zaidi. Mathe analima viazi upande wa Elburgon, na siku hiyo alikuwa ameshuka mjini kwa mambo ya benki, amevaa sweta yake ya kanisani na kitambaa kichwani. Langoni soja akatuuliza, "Mmebuk?" Hatukuwa tumebuk. Akatuambia tungoje aulize. Tukiwa bado tumesimama likaja gari la wageni, na lango likafunguka hata kabla dereva hajapiga honi. Hao hawakuulizwa kama wamebuk. Tulipoingia, ukumbi ulikuwa nusu tupu, lakini tukapewa meza ya karibu na mlango wa choo.

Weita, msichana wa heshima tu, alituletea menyu nzito yenye picha: kuku wa tamu na chachu, wali wa kukaanga, tambi. Meza ya pili walikaa Wachina wanne. Menyu yao ilikuwa nyembamba, haina picha hata moja, maandishi ya Kichina matupu. Kikaja chakula chao, na katikati kukawekwa sahani ya vitu vyembamba kama njiti za kiberiti, vinang'aa, vina pilipili kavu nyekundu na harufu ya siki. Mathe akanyoosha shingo. Mtu aliyevuna viazi miaka arobaini humdanganyi.

"Kwani hivyo si viazi?"

Weita akatabasamu. "Shosho, hiyo hutaiweza. Hiyo ni ya wao."

"Na mimi ndiye ninayevipanda," mathe akasema. Wala hakuwa anaringa. Alikuwa anatoa taarifa tu, kama vile mtu anavyosema kesho kutanyesha.

Hatukuletewa. Tulikula kuku wa tamu na chachu, na kabla hajafika mezani tuliombwa tulipe kwanza. Ile meza ya pili ilikula, ikanywa, ikacheka kwa sauti, ikalipa mwisho.

Nimeifikiria ile "ni ya wao" kuliko nilivyofikiria mahubiri mengi. Nakuru na Nyandarua ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa viazi nchini. Vinatoka Molo, Mau Narok na Kinangop vikiwa vimejazwa lumbesa, ingawa kanuni zinasema gunia lisizidi kilo 50, na mkulima anameza hasara hiyo kimyakimya. China nayo ndiyo inayozalisha viazi vingi kuliko nchi yoyote duniani. Kwa hiyo kama kuna chakula kimoja ambacho mkulima wa Elburgon na fundi mitambo wa Kichina wangekutania kisawasawa, ni hicho. Wanakijua wote wawili kuanzia udongoni. Badala yake, mkulima anapewa picha ya kuku mwenye sosi nyekundu na kuambiwa hiki ndicho size yako.

Tena hiyo menyu yetu ya picha, tukiambizana ukweli, Uchina wenyewe ulipita kwa mbali. Kuna sahani inayopendwa sana kwenye mikahawa hii, kuku Manchurian. Historia yake inamtaja Nelson Wang, mpishi wa asili ya Kichina mzaliwa wa Kolkata, aliyeianzisha Mumbai katika miaka ya 1970 kwa kuchanganya kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi na sosi ya soya. Ni chakula kitamu, na mimi nakila mpaka nalamba kijiko. Ila ni Uhindi uliovaa koti la Kichina, umefika Kenya na kukutana na nyanya yetu ya chupa. Sina neno na mchanganyiko, hata chapati na chai ya maziwa ni mambo ya kuchanganya. Neno langu ni kwa yule anayetuuzia mchanganyiko huo kama siri ya ikulu ya wafalme, huku chakula chenyewe cha Kichina kikipita juu ya vichwa vyetu kwenda meza ya pili.

Na hapa ndipo jambo linapochekesha. Ulaji wa Kichina ni wa kishirika kuliko tunavyoambiwa. Meza ni ya duara, na zile kubwa zina kioo katikati kinachozunguka, ili sahani zimfikie kila mtu bila kumpita mtoto au mzee. Hakuna "hii ni yangu, hiyo ni yako." Kila kitu kiko katikati na kila mtu anachota. Ukiwa Lamu au Old Town Mombasa unaijua habari hii, inaitwa sinia. Ukiwa kijijini unaijua pia, sufuria moja la githeri na vijiko sita. Familia za Kichina zikienda mkahawani huko kwao, kelele ni sehemu ya chakula. Watoto wanakimbia, mjomba analazimisha kulipa, shangazi anabishana na mpishi. Sisi tumeichukua meza hiyohiyo ya duara, tukaiweka kwenye ukumbi wa baridi wenye muziki wa lifti, tukawaketisha watu wawili wanaonong'ona. Kisha tunaita hiyo hadhi.

Ladha hiyo ya hadhi tuliirithi, na sijui kwa nini tunajifanya hatujui ilikotoka. Nakuru ilikuwa mji wa walowezi, katikati ya zile nyanda zilizotengewa Wazungu. Walikuwa na klabu zao na hoteli zao, na Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni, akiwa na kipande shingoni na sahani mkononi. Uhuru ulibadilisha majina ya wanachama. Wazo lenyewe, kwamba mahali pazuri ni mahali ambapo wengi hawawezi kufika, lilibaki limekaa vizuri kwenye kiti chake. Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, tukacheza barabarani, na tangu hapo kila jengo jipya linajitahidi kuthibitisha ujiji wake kwa kuongeza soja mmoja langoni.

Usinielewe vibaya kuhusu yule weita. Sikumkasirikia, na nisingependa umkasirikie. Mtu anayefanya kazi hizi anajua kinachotokea kwenye nyumba ambazo mfanyakazi ni kitu. Mwaka 2018 gazeti la The Standard lilieleza malalamiko ya Wakenya waliofanya kazi kwenye reli ya SGR, wakiwamo waliosema hawaruhusiwi kukaa meza moja na wenzao Wachina wakati wa kula. Februari 2020 ikasambaa video ya mfanyakazi Mkenya akichapwa fimbo na Mchina kwenye mkahawa Kileleshwa, na Wachina wanne wakakamatwa. Tulipaza sauti, na tulifanya vyema. Lakini wangapi wetu tunauliza weita wa Kenyatta Avenue, anayemtumikia tajiri Mkenya, anakula wapi na saa ngapi? Wengi wao hula wamesimama, kwenye kona ya jikoni, wali uliobaki. Mtu aliyefundishwa kila siku kwamba meza hii si yake, atashindwaje kumfundisha mathe somo hilohilo?

Najua majibu yatakayokuja. Kwanza, "mwenye biashara ana haki ya kuchagua wateja." Soma tena ile Ibara ya 27, halafu tuongee. Pili, "ni mambo ya usalama." Sawa, kagua mifuko ya wote, hata ya walioshuka kwenye gari kubwa. Tatu, na hili linatoka kwa marafiki zangu wenyewe, mababi wa Section 58: "Buda, si uende tu kwingine?" Nitaenda. Niko kibandaski mara nne kwa wiki na sijawahi kuulizwa kama nimebuk. Ila kwenda kwingine kwa hiari yako na kusukumwa kwingine ni safari mbili tofauti, na jiji ambalo watu wake wanaambizana "si uende kwingine" ni jiji la walinzi tu.

Mnataka kujua ninachotaka? Kaunti ya Nakuru hutoa kibali cha biashara kila mwaka. Iandike humo kwamba anayebagua mlangoni atakipoteza, kwa kosa hilo lenyewe, bila kutafutiwa kisingizio cha karatasi. Menyu iwe moja. Ile nyembamba ya maandishi matupu itafsiriwe, na itafsiriwe kwa Kiswahili pia, maana Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, lakini mimi sijawahi kuona neno moja la Kiswahili kwenye menyu ya mkahawa wa kishua Nakuru zaidi ya "karibu" lililochorwa kwenye zulia la mlangoni, tunapofutia viatu. Kama wote wanalipa mwisho, mathe alipe mwisho. Kama wote wanalipa kwanza, yule wa gari kubwa atoe simu yake atume M-Pesa kabla ya supu.

Na wewe unayependa kuandika mtandaoni nyota tano, "mahali patulivu, hakuna fujo," acha hiyo lugha. Andika chakula kilikuwaje. Andika weita alikuwa na uso gani saa nne usiku, na kama ile bakshishi uliyompa mkononi aliruhusiwa kukaa nayo.

Halafu siku ukienda, nenda na watu sita, nenda na nyanya yako na watoto wa jirani, ombeni meza ya duara iliyo katikati ya ukumbi, na mkiletewa kitabu cha picha kirudisheni mwombe kile kingine. Vile viazi vya siki na pilipili vina jina. Vinaitwa tudou si. Litamkeni polepole, tu-dou-si, na mwambieni weita vinatoka Elburgon.