Butembo: dola inapimwa, manete haipimwi

Katika galeri za katikati ya mji wa Butembo, karibu na soko kuu, kila mnunuzi anajua namna muuzaji anavyopokea noti ya dola. Anaishika kwa mikono miwili, anaiinua kwenye mwangaza, anapitisha kidole kwenye pembe zote nne. Akiona tundu dogo kama la sindano, ao mpasuko wa milimita mbili, anairudisha: "Hii haipiti, papa. Leta ingine." Hakuna anayekasirika sana, kwani kila mtu anajua kwamba huyo muuzaji naye ataikataliwa kule atakakoipeleka.

Dakika moja baadaye, mnunuzi yule yule anaomba afungue boksi la manete ya PlayStation ili aone kama inafanya kazi. Jibu linakuja haraka: "Ukifungua, umenunua."

Hapo ndipo penye shida ya maduka madogo yanayouza mashine za mchezo, manete, nyaya na diski. Pesa ya mteja inakaguliwa kama mgonjwa kwa daktari. Bidhaa ya muuzaji inapaswa kuaminiwa tu. Na chini ya fakitire, kama kweli fakitire imetolewa, kuna yale maneno ya Kifaransa ambayo kila Mkongomani ameyaona, ya kwamba bidhaa ikisha kuuzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

Wazazi wengi watasema kwamba hayo ni mambo ya watoto na kwamba mji una shida kubwa zaidi. Ni kweli mji una shida kubwa zaidi. Lakini nani ananunua manete kila mwezi? Si mtoto wa tajiri, huyo anayo moja na inamtosha mwaka mzima. Anayenunua kila mara ni kijana mwenye chumba cha mchezo kule Furu ao Vutetse: tele mbili za mtumba, PS3 moja na PS4 moja, mabenchi ya mbao, na watoto wanaolipa kwa mechi. Wamoja kati ya vijana hao walifika mjini wakikimbia vita katika teritware za Beni na Lubero, na hawana kazi nyingine. Kodi ya nyumba inatoka mule, na minervali ya wadogo wao wa sekondari inatoka mule mule. Mchezo wa mpira unachezwa na watu wawili, kwa hiyo manete moja ikikufa, tele nzima inasimama. Siku ya Jumapili mchana, wakati watoto wamejaa mlangoni, tele iliyosimama ni chakula cha jioni kilichopotea.

Na manete zinakufa kwa njia inayojulikana. Ndani ya kile kijiti cha kuongozea kwa kidole gumba kuna kipande kidogo kinachopima mwelekeo. Kikichakaa, ao kikiwa kimetengenezwa vibaya toka kiwandani, mchezaji kwenye tele anaanza kutembea mwenyewe bila mtu kugusa kitu. Manete za kuigizwa, zile zinazofanana na za Sony mpaka alama ya jina, zinaweza kuwa na ugonjwa huo siku ya kwanza. Kuupima hakuombi fundi. Unaunganisha manete kwenye mashine, unaiweka juu ya meza, unaondoa mikono na kuangalia kwenye tele. Kama mchezaji anatembea, hiyo manete ni mgonjwa. Nusu dakika inatosha, na ni muda mfupi kuliko ule unaotumiwa kuchunguza noti ya dola 20.

Wenye maduka wana sababu zao, na si zote ni za uongo. Mali inatoka Guangzhou ao Dubai, inapita Mombasa na Kampala, inavuka Kasindi, na njia nzima kuna cha kulipa. Kule ilikonunuliwa hakuna anayepokea manete 1 mbovu irudishwe kutoka Butembo. Faida kwa kila moja ni ndogo. Tena kuna wateja wasiokuwa wa kweli: mtu ananunua manete, watoto wanaipiga chini wiki nzima, kisha anairudisha akisema ilikuwa hivyo toka dukani. Wengine wanarudisha boksi jipya lenye manete ya zamani ndani. Muuzaji aliyedanganywa mara mbili namna hiyo anafunga moyo, na ni vigumu kumlaumu.

Ila dawa ya udanganyifu huo ndiyo hiyo hiyo anayoikataa. Manete ikipimwa juu ya meza ya duka, mbele ya watu wote wawili, hakuna tena mjadala wa "ilikuwa mbovu toka mwanzo". Wako wauzaji wachache waliokwisha kuelewa. Wana tele ndogo nyuma ya meza, wanapima kila kitu mbele ya mnunuzi, kisha wanatia tone la rangi ya kucha juu ya skurubu moja ya nyuma. Tone likiwa limevunjika, manete imefunguliwa na fundi mwingine. Likiwa halipo kabisa, si manete ya duka hilo. Wanaandika tarehe ndani ya kifuniko cha boksi na kutoa garanti ya siku tatu. Kichupa kimoja cha rangi kinatumika miezi mingi, kwa hiyo gharama si sababu. Umeme ukikatika, wanamwambia mteja arudi saa kumi na moja, na wanamwekea mali yake pembeni bila kumlipisha kwanza.

Kuhusu yale maneno ya chini ya fakitire, si ya kweli kabisa kama yanavyoonekana. Sheria ya Kongo juu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo ingali inatumika, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika ndani ya kitu alichouza. Anaweza kuandika kwamba hatoi garanti, lakini maandishi hayo yanamkinga tu kama yeye mwenyewe hakuijua kasoro. Kama aliijua akanyamaza, anapaswa kurudisha pesa na kulipa hasara juu yake. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba muuzaji hawajibiki kwa kasoro ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe. Sasa mnunuzi aliyekatazwa kufungua boksi angeona nini?

Bila shaka hakuna atakayemshitaki mtu mahakamani kwa sababu ya manete ya dola 15. Pesa ya motari peke yake ingemaliza bei. Sheria ya wakati wa Leopold II haitakuja kukaa nyuma ya meza ya duka, na muuzaji analijua hilo vizuri kuliko mteja.

Kuna jambo lingine, na pengine linaumiza zaidi, kwani halihusu kitu kibovu. Mama anaingia dukani, mtoto wake ameshinda darasa, na amemwomba mpira mpya. Mama hajui PS3 wala PS4, anajua tu kwamba ni "pleyi nyeusi". Muuzaji mzuri anamuuliza: "Mama, mashine ya mtoto iko namna gani? Uko na picha yake katika simu?" Maana diski ya PS4 haiingii katika PS3, na ya PS3 haichezi katika PS4. Hata PS5, ambayo inacheza diski nyingi za PS4, ina aina isiyokuwa na mahali pa kuingizia diski. Muuzaji mbaya anampa ile iliyo karibu na mkono. Mama anafika nyumbani, mtoto anajaribu, haikubali. Kesho yake anarudi, na anaonyeshwa maneno ya chini ya fakitire. Hakuna kasoro yoyote katika diski hiyo. Kilichokosekana ni swali moja.

Ao tena anauziwa diski ya PS3 yenye picha mpya na maandishi "FC 24". Hapo kuna uongo ambao mtu wa mchezo anautambua mara moja: kampuni ya EA iliacha kutengeneza mpira wake kwa PS3 baada ya FIFA 19, na kwa PS2 ilisimama kwenye FIFA 14. Jina la FC lenyewe lilikuja mwaka 2023. Kinachouzwa ni mchezo wa zamani ambao watu wamebadilisha ndani yake majina ya wachezaji na rangi za jezi. Kazi hiyo si mbaya, na watoto wanaifurahia. Wengine wanaifanya kwa ustadi mkubwa. Lakini iambiwe jina lake, na iuzwe kwa bei yake.

Vilevile kwa mashine zinazotoka Marekani. Adapteri ya Xbox 360 ya kule imetengenezwa kwa umeme wa volti 120 hivi, na PS2 ya kwanza ya kule ni hivyo hivyo. Umeme wa Kongo ni volti 220. Ukiichomeka moja kwa moja, inatoa harufu na kufa. Imeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na muuzaji anajua kuzisoma. Mzazi aliyeweka pesa miezi minne hajui hata kwamba kuna cha kusoma. Nani kati yao alipaswa kuzungumza?

Mara nyingi pia aliye nyuma ya meza si mwenye mali. Ni kijana aliyeachiwa ufunguo, patro wake yuko Kampala. Ameambiwa auze, asirudishe, na kila manete itakayorudi itakatwa kwenye mshahara wake. Ukali wake kwa wateja, ile "we mtoto, unanunua ao unaangalia tu?", unatoka kwenye hofu hiyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeambiwa hivyo mbele ya wenzake hatarudi, hata siku atakapokuwa na chumba chake cha mchezo na kuhitaji manete nne kwa mpigo. Atavuka njia aende kwa jirani, ao atamwagizia rafiki anayesafiri.

Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana toka zamani kwa kuachiana mali kwa neno la mdomo tu, kontena nzima bila karatasi nyingi. Kinachoombwa na kijana wa Furu ni kidogo sana kuliko hicho. FEC ya mji, ambayo inajua kuwakusanya wenye maduka wakati wa mambo ya kodi, ingeweza kuwakusanya mara moja kwa hili pia: kila duka linalouza kitu cha umeme liwe na mahali pa kukipima, na mwenye mali amruhusu kijana wake kubadilisha kitu kilichokataa ndani ya siku tatu, bila kumkata mshahara. Kwa wiki ya kwanza, tele moja ya mtumba na kichupa cha rangi ya kucha vinatosha.