Ndoto ni Hayabusa, mkataba ni Boxer, na winga hayupo uwanjani

KIJIWE cha bodaboda pale Lituhi hakitofautiani sana na vijiwe vingine vya nchi hii. Asubuhi ni Simba na Yanga, mchana ni Simba na Yanga. Jua likiwa kali na abiria wakipungua, simu zinatolewa mfukoni na mjadala unahamia kwenye pikipiki: kama pesa si tatizo, nani angechukua ipi?

Vijana wengi wanaanza na Suzuki Hayabusa. Ilitoka mwaka 1999, injini ya sasa ina cc 1,340, na mwendo wake unagusa kilomita 300 kwa saa. Wengine wanaitaka Yamaha R1, wengine Kawasaki Ninja, yoyote ile mradi iwe ya kijani, na hapo mtu wa Yanga anashangilia kama kafunga bao.

Ni ndoto nzuri, lakini Hayabusa ina uzito unaozidi kilo 260 na tumbo lake limekaa karibu na ardhi. Ipeleke barabara ya ufukweni kutoka Lituhi kwenda Liuli hadi Mbamba Bay, kiangazi vumbi, masika utelezi, uone kama itamaliza kipindi cha kwanza. Ni sawa na kusajili straika wa Ulaya halafu kumchezesha kwenye kiwanja ambacho mbuzi wanakula majani ndani ya boksi la penalti. Atalaumiwa bure.

Mwenye hoja kidogo ni yule anayetaja Honda Africa Twin. Hiyo ilizaliwa mwaka 1988 kutokana na mashine zilizobeba ubingwa wa mbio za Paris-Dakar mara nne mfululizo, kwa hiyo mchanga na mawe inavijua. Tatizo linakuja siku shokapu ikilia. Fundi wa Lituhi ni hodari, lakini hawezi kuchonga spea ya cc 1,084 kwa nyundo na tindo.

Hata David Beckham, mwenye fedha za kununua duka zima, alipokwenda kuzunguka msitu wa Amazon mwaka 2014 hakuchukua pikipiki ya mbio. Alipanda Triumph Bonneville, mashine ya umbo la kizamani iliyovalishwa matairi ya porini.

Wazee wa Lituhi wao hawahangaiki na picha za simu. Ukiwauliza pikipiki ya maana watakwambia Honda XL 125 au Yamaha DT 125, zile walizokuwa wakiendesha mabwana shamba na mapadri. Tairi kubwa mbele, mguu mrefu, mlima wa Umatengo inapanda bila kulalamika. Mzee akiitaja DT anaitaja kama shabiki wa Songea anavyoitaja Majimaji kabla haijashuka Ligi Kuu mwaka 2018.

Lakini pikipiki inayoendeshwa kweli kijiweni ni Boxer 150 na nduguze TVS. Injini haifiki hata cc 150, tanki linachukua lita 11, cheni na plagi zinapatikana dukani. Vijana wanaidharau wakiwa wameikalia. Wanachokiota usiku si Hayabusa hata kidogo, ni Boxer hiyohiyo ikiwa na kadi yenye jina lao.

Hapo ndipo soka linapoingia, na kuumia. Pikipiki nyingi za vijiweni ni za mkataba. Kijana anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, akimaliza muda anapewa kadi. Chukulia hesabu ni Sh8,000 kwa siku sita za wiki: kwa mwaka ni karibu Sh2.5 milioni, bado mafuta, bado oili, bado tairi. Mechi inaanza saa 10 jioni, saa ambayo wenye dagaa na wenye magunia nao wanataka usafiri. Winga mwenye mbio kuliko wote kijijini ataangalia jezi, ataangalia tajiri, atawasha pikipiki.

Asilaumiwe. Kocha anayemwita msaliti hajawahi kumlipa hata nauli.

Wanaostahili kuulizwa ni waandaaji wa mashindano na wanasiasa wanaofika na mipira miwili na seti ya jezi, wanapiga picha, wanaondoka. Kama kweli wanataka vipaji vya mwambao wa Nyasa, zawadi ya bingwa iwe Boxer yenye kadi ya timu. Ifanye kazi siku za wiki, hesabu yake inunue viatu na nauli za mechi za ugenini, ili wachezaji waache kwenda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja bila kofia ngumu. Ajali moja ya namna hiyo inaondoa safu nzima ya ushambuliaji, na kwa mama zao inaondoa zaidi ya hapo.

Matajiri nao wanaweza kusamehe hesabu ya siku moja, siku ya mechi tu. Wengi wao ndio haohao wanaosimama pembeni ya uwanja wakipiga kelele kwamba timu haina winga, wakati winga yuko njia ya Liuli na gunia nyuma, na Boxer ni ya kwao.