Kitenzi Kimoja, Maneno Mengi: Maoni Juu ya Kufundisha "Roughen"

Miongoni mwa desturi zinazodumaza ufundishaji wa Kiingereza katika shule za msingi ni ile ya kuandika ubaoni neno la Kiingereza upande mmoja, na neno moja la Kiswahili upande wa pili, kisha kuwaamuru watoto wakariri. Desturi hiyo yaweza kufaa kwa majina ya vitu, kama meza na ng'ombe. Kwa vitenzi vingi haifai, na mfano mzuri ni kitenzi "roughen".

Maana yake ya msingi ni kupoteza ulaini, au kukiondolea kitu ulaini wake. Lakini mwalimu akitafuta neno moja la Kiswahili litakalofaa mahali pote, hatalipata. Ngozi hupauka kwa upepo wa kiangazi. Viganja vya mkulima huota sugu kwa mpini wa jembe. Sauti hukwaruza. Bahari huchafuka. Kiswahili huuliza kwanza ni kitu gani kilichobadilika, ndipo huchagua kitenzi. Basi si haki kumwambia mtoto kwamba lugha yetu haina neno la jambo hilo. Maneno yapo, ila yamegawanywa kwa njia nyingine. Mtoto anayeambiwa mara kwa mara kwamba lugha yake ina upungufu hujifunza kuidharau, wala dharau hiyo haimwongezei Kiingereza.

Jambo la pili ni umbo. Kutokana na "rough" Kiingereza hupata "roughen", kama vile "hard" inavyozaa "harden", na "soft" ikazaa "soften". Umbo hilo moja hutumika kwa kitu kinachobadilika na kwa yule anayekibadilisha. Kiswahili hutenga mambo hayo kwa viambishi: ngozi hulainika, mafuta huilainisha. Kwa hiyo mwanafunzi hutazamia kwamba Kiingereza nacho kitabadili umbo la kitenzi. Hapana budi aonyeshwe sentensi mbili pamoja: "His hands roughened" na "The hoe roughened his hands". Kitenzi hakikubadilika, tofauti imeletwa na mpangilio wa maneno.

Tena yafaa ieleweke kwamba neno hili halitaji kasoro daima. Jiwe la kusagia uwele likitumika sana huwa laini mno, likashindwa kusaga. Hugongwagongwa kwa jiwe jingine mpaka lishike nafaka tena. Mwashi naye huikwaruza lipu ya kwanza ili ya pili ishike. Kazi zote mbili huitwa "roughen". Kitenzi cha jamaa yake, "coarsen", hakifai hapo. Hicho husemwa zaidi juu ya sauti, sura, au tabia na maneno ya mtu aliyepotewa na adabu.

Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na watoto wengi wa vijiji vya Mpwapwa hukuta Kigogo nyumbani kabla ya Kiswahili. Kiingereza kwao ni lugha ya tatu. Ndugu mwanachuo, usiwaanzishe kwa kamusi. Lete bonge la udongo uliolainishwa kwa maji, na kijiti. Waache waupapase, waukwaruze, waupapase tena, huku ukisema: "We roughen the clay". Kisha waulize wanavyosema wao juu ya ngozi, viganja na sauti, ukaandike majibu yao ubaoni chini ya sentensi za Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba kipindi ni kifupi. Ni kweli, lakini neno lililokaririwa bila kueleweka hugharimu vipindi vingine vya kulisahihisha. Kamusi ije baadaye, ithibitishe yale ambayo mikono na masikio ya watoto yamekwisha kuyatambua.